Baraza Limegeuka, Kosa ni Langu

Anuța mwanangu,

Ugali umo sufuriani, nimeufunika. Mafundi wape pombe ya plamu wakishashuka ngazi, si kabla. Fundi Todosie akinywa huona ngazi mbili.

Halafu mumeo usimseme tena. Asubuhi umemfokea mbele ya watu: "Mwanamume mzima, magogo yana namba na bado yanakushinda kupanga!" Naye maskini: "Namba nimezifuata, mke wangu. Labda nyumba yenyewe imegeuka."

Alizifuata kweli. Tulipoivunja gogo kwa gogo ile nyumba ya bibi yako iliyobaki mahame kule mlimani, tuje kuijenga hapa, ni mimi niliyezifuta namba za chaki nikaziandika upya. Ukuta wa mbele nikaufanya wa nyuma.

Ndiyo, baraza sasa halitazami barabara. Linatazama miplamu na kamba yako ya nguo. Barabara nimeitazama vya kutosha, na kila nikiiona nyayo huniwasha.

~~Mkitaka, igeuzeni.~~ Msiigeuze.

Nimekwenda na farasi wa jirani kuuchukua mlango uliobaki kule. Najua, kikaratasi nilichokuachia mara ya mwisho nilipoondoka kiligeuka kuwa cha miaka kumi na moja. Hiki ni cha mpaka jioni tu. Niwekeeni jibini.

Babako