Majani ya Mkonge wa Baridi

Jumatatu, 12 Julai 2021
Alfajiri, nyuzijoto mbili. Vyungu vyote kumi na vinane vizima. Nimepima kila jani, vidole ganzi. Chuo kimefungwa kwa corona, ndiyo maana utafiti wangu umehamia hapa Doonside, uani kwetu, huku kusini mwa dunia ambako Julai ndiyo baridi kali.
Jirani Dévote, Mrundi, kachungulia juu ya uzio. Eti kwa nini nimepanda mananasi yasiyozaa? Nimecheka — mara ya kwanza wiki hii!
Ni Agave parryi, ndugu wa mkonge wetu wa Tanga. Ila wetu ukipigwa na barafu, kwisha. Huu kwao ni milima ya Arizona na New Mexico, kwenye miamba, kati ya misonobari na mialoni. Theluji inaufunika, nao kimya, umejikunja kama kabichi. Ninachotaka kuonyesha: hauuliwi na baridi, unauliwa na maji mizizini wakati wa baridi. Vyungu tisa vikavu, tisa namwagilia.

Alhamisi, 22 Julai
Zoom na Profesa. Vipimo hadi 31 Agosti, bila pengo. Hakuna extension nyingine. Nikishindwa, digrii imekwenda, na viza nayo. Nikasema no worries. No worries! Nikafunga kompyuta nikalia chooni, Ponsian asisikie. Mume wangu ana yake — hoteli alikofanya usafi imefungwa, na baba yake kule Korogwe anapumulia mtungi wa oksijeni.

Jumanne, 3 Agosti
Vyungu viwili vya maji vimeoza shina, vinanuka. Nilisema! Nimefurahi, kisha nikaona aibu. Ponsian hajala tangu jana.

Jumatano, 4 Agosti
Baba mkwe amefariki. Mazishi Jumamosi. Kutoka nchini mpaka kibali, na ndege hakuna.
Ponsian hakulia. Kasema tu babu yake, manamba aliyetoka Kigoma kufanya kibarua cha mkonge, alishushwa kaburini kwa kamba za katani alizosokota baba mkwe mwenyewe. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume ndiye husokota. Na yeye je?

Alhamisi, 5 Agosti
Siwezi kuandika.
Naandika. Saa tano nzima kwenye foleni ya kupimwa corona. Narudi — vyungu kumi na kimoja vimenyolewa! Kwa ustadi, kama shambani, majani matatu tu yameachwa katikati. Mengine Ponsian kayafunga mafungu ya thelathini thelathini. Kapiga magoti, anayakwangua yatoe nyuzi kwa mgongo wa kisu cha jikoni, mikono imevimba kwa utomvu.
Nilipiga kelele hadi Dévote akatoka. Nikamwambia umeniua, Ponsian. Nikamwambia hata baba yako asingefanya ujinga huu. Mungu wangu, nilisema hivyo! Aliendelea kukwangua, machozi yakimtoka. Sasa ndiyo analia.
Vimebaki vitano.

Ijumaa, 6 Agosti
Nimemwandikia Profesa kwamba ni possum, mnyama wa huku anayekula mimea usiku. Uongo mtupu. Kajibu: vitano vinatosha, kwa shida. Pungufu ya hapo nisijisumbue.
Tumelala mzungu wa nne. Sijui kuomba msamaha, sikufundishwa.

Jumamosi, 7 Agosti
Mazishi saa nne kule, saa kumi na moja jioni huku. Ponsian anasokota tangu asubuhi, juu ya paja. Jeneza linataka kamba mbili. Moja tayari. Ya pili fupi. Majani ya mkonge huu ni shibiri moja — mmea wa baridi haurefuki, ndivyo unavyopona. Nyuzi zinakatika, anaunga, zinakatika tena. Nikamuuliza hiyo kamba itafikaje Korogwe. Akasema haifiki, anajua.
Hakuomba vile vitano. Kavipa mgongo kabisa.
Simu tumeiegemeza kwenye tofali. Dada yake Faida ndiye anayeishika ya kule, anatembea, picha inarukaruka. Anauliza, kaka, unaona? Ponsian anajibu naona. Jeneza limetoka kanisani. Kamba imefika nusu.
Naandika nimesimama jikoni, nimekuja kunawa. Utomvu unawasha kweli! Nimekata chungu namba nne, majani ya chini kwanza, kama alivyofanya yeye. Vimebaki vinne. Ponsian kanishika mkono: acha, Leokadia, acha. Nimemwambia sokota, wameshafika makaburini.