Ganda Limekaza, Sijui kwa Nini

Njoro, Jumatano jioni, 1956

Ukungu haukutoka kutwa nzima, na kichwa changu kiko vilevile. Leo nimefurahi, leo nimeogopa, na hata sasa nikishika kalamu sijui nianze na lipi.

Mayai yamekuwa magumu.

Wewe shajara unajua tulikotoka. Kuku weupe wa Memsahib, mwenye shamba hili, walikuwa wanataga mayai ya ganda jepesi, mengine hayana ganda kabisa, ni ngozi tu, ukilishika linabonyea. Hoteli moja ya Nakuru ikarudisha kreti nzima. Memsahib akasema mambo yakiendelea hivyo atawauza kuku wote, nami nirudi kuchuma pareto. Nyumba tunayolala mimi, mke wangu na mtoto wetu Jerotich ni ya mtunza kuku. Kuku wakienda, nasi tunaenda, na siku hizi za Hali ya Hatari watu wetu hawahami wanavyotaka.

Basi akanunua mjini mfuko wa unga wa madini, akaniamuru niuchanganye na pumba kila asubuhi. Nikachanganya. Lakini roho haikutulia. Nilikuwa nimewaona kuku wakidonoa chokaa ya ukutani mpaka matofali yakaonekana, nikajiambia hawa wanatafuta ganda. Nikawa naomba maganda ya mayai kwa mpishi, nayaanika, nayatwanga laini kabisa ili kuku wasiyatambue wakaanza kula mayai yao wenyewe. Nikawatilia kimya kimya.

Leo Memsahib amegonga yai kwa kucha, akacheka. Sijawahi kumwona akicheka bandani. Akasema ataagiza mifuko mingine ya ule unga na kujenga banda la pili. Kisha akanigeukia.

"Wewe natia kitu ingine?"

"Hapana, Memsahib."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nafikiri ni kwa sababu alikuwa anacheka.

Nikabaki nawaza: je, ni unga wake au ni maganda yangu? Hapo bado nilidhani mambo ni mawili tu.

Mchana nikakuta chombo cha maji kikavu tena. Kwa siku kadhaa sasa kuku hawa wanakunywa kama ng'ombe waliotoka safari, na mavi yao ni majimaji. Nikainama kutazama ndani ya chombo, nikaona mabonge ya udongo wa kijivu. Udongo ule naujua. Ni wa chumvi, ule ambao kwetu tunawalambisha ng'ombe, na hapa shambani anao mtu mmoja tu. Mke wangu alitoka nao kwao alipokwenda kumwona baba yake.

Nilimkuta akichambua mboga. Hakukana.

"Ng'ombe wa baba wakikosa huo udongo wanatafuna mifupa," akasema. "Nikaona hata hawa wamekosa kitu."

"Mbona hukuniambia, Mama Jerotich?"

"Ungenicheka. Na ulikuwa hulali."

Ni kweli, ningemcheka. Udongo wa ng'ombe, kwa kuku! Sasa hata kucheka siwezi, maana huenda ndio uliotuokoa. Au huenda ndio unaowaharisha, na ganda limekazwa na kitu kingine. Watu watatu tumewalisha, kila mmoja na dawa yake, na kuku hawasemi.

Lililonichoma ni jingine. Mimi na mke wangu tumelala kitanda kimoja tukiogopa jambo moja, kila mtu akiamka na siri yake kwenda kuwabembeleza kuku walewale. Nimemwonea huruma. Nimejionea huruma nami.

Nimefikiri hivi: niombe waya, nigawe banda sehemu tatu, hawa wale unga, hawa maganda, hawa udongo kidogo tu, halafu tuone. Ni kazi rahisi. Ila siwezi kuomba waya bila kueleza sababu, na siwezi kueleza sababu bila Memsahib kujua kwamba nilimdanganya huku akinitazama machoni. Na ikiwa ule unga wake ni bure, atapenda kuyasikia hayo kutoka kwangu?

Nikinyamaza, atajenga banda la pili. Mpishi akihama, maganda yakikosekana, udongo ukiisha, mayai yatalegea tena na sitajua nishike wapi.

Ganda jepesi lingetutoa katika nyumba hii. Sasa ganda ni gumu, na anayeweza kututoa ni mimi, kwa mdomo wangu.

Mama Jerotich ameniuliza kama nitasema. Nimemwambia ndiyo. Ameinuka, ameanza kukunja nguo za mtoto.