Uso Tuliolivika Fuvu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na wapwa zangu, nikitumaini mu wazima wote. Mimi mwili hauna neno. Ni usingizi tu umenikimbia, na miguu haitulii.

Nilikwambia wamenihamishia chumba cha mafuvu, hapa makumbusho. Kwa jina mimi ni mlinzi, lakini nikikosekana hakuna kazi inayokwenda. Walileta fuvu la mtu wa kale, wakalipiga picha pande zote kwa taa kali mpaka nikahofia litapiga chafya. Kisha binti mmoja mchoraji akaanza kulivika nyama ndani ya kompyuta. Akakwama. Akaniambia, mjomba, mfupa hausemi masikio yalikuwaje, wala midomo, wala ncha ya pua. Hapo inabidi kubuni. Nikamjibu kwamba amefika kwa mwenyewe, nyuso ndiyo fani yangu. Akacheka, akavuta kiti, akasema haya, elekeza.

Nikaelekeza kweli. Sikio lishuke, pua itanuke, paji liingie mikunjo. Binti akawa ananiambia taratibu mjomba, kwani huyu ni ndugu yako? Alipomaliza akamgeuza shingo kwenye kioo cha kompyuta, yule mtu akanitazama. Mdogo wangu! Alikuwa baba.

Wewe alikuacha tumboni, na picha yake hatuna hata moja. Kila ukiniuliza alifananaje, nakujibu kwa mbwembwe kana kwamba nimeachana naye jana.

Sasa Ijumaa wanaanza kumwonyesha watu. Watoto wa shule wamwite mla mizizi, baba yetu asiyetoka nje bila shati lililopigwa pasi! Nimezunguka humu ndani kama kuku anayetaka kutaga, mwisho leo nikamwambia binti ukweli, kwamba uso ule ni wa baba yangu. Naye akasema Alhamisi atamfuta aanze upya; kutoa nakala haruhusiwi, ila hadi siku hiyo mlango wake uko wazi kwetu.

Na wewe nikwambie: mdomo wa baba nilishausahau. Binti aliponiuliza, nilimwelekeza wako, maana mama alikuwa akisema umeuchukua kwake mzima mzima. Kwa hiyo usinijibu barua hii, panda gari uje. Usimame kando ya kile kioo, nami niwaone baba na mtoto mara moja tu, kabla hajafutwa.

Wapwa waambie makumbusho bado naendesha mimi.

Ni mimi kaka yako,
ninayekungoja getini