Pete ya Mama Skola Nimeikata

Fundi,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kumjulia hali yule unayemwandikia. Yako siiulizi. Yangu ni hivi: nimechoka. Nimechoka mgongo, nimechoka macho, na zaidi ya yote nimechoka na wewe. Ungekuwepo ningekuja nikuseme usoni, unune kidogo, halafu tunywe chai tuendelee na kazi. Sasa hupo, na hili neno limenikaa kooni wiki kadhaa.

Nimeikata pete ya mke wako.

Subiri nieleze kabla hujaanza kufoka. Najua vizuri ulichokuwa unasema. Miaka kumi na moja nimekaa na wewe kwenye kibanda chetu nyuma ya soko, tangu nitoke kwa wazazi wangu Kibaoni sijui tupa wala koleo, binti wa Kisukuma anayenuka ng'ombe (maneno yako hayo, sijayasahau), na sikuwahi kukuona ukikata pete ya ndoa ikiwa kidoleni mwa mtu. Walikuja wajawazito waliovimba, wakaja wachimbaji waliojigonga nyundo, wote uliwavua kwa uzi na sabuni. "Pete ya ndoa haikatwi, Kabula. Inabembelezwa." Ukanifundisha kupitisha ncha ya uzi chini ya pete, kukizungushia kidole uzi kwa kukibana mpaka juu ya fundo, halafu kuufungua taratibu kuanzia chini, pete ipande nao. Mazoezi nilifanyia kwenye kidole chako mwenyewe mpaka kikageuka rangi, ukaniita muuaji.

Basi. Mama Skola alichomwa na mwiba wa mgebuka wakati anaparua samaki. Kidole chenyewe kile cha pete. Unamjua alivyo, hakumwambia mtu. Alikikanda kwa maji ya chumvi siku mbili, na Skola yuko Mbeya na kazi yake, nani angemwona? Siku ya tatu akaamka kidole kimekuwa cheusi cheusi. Hospitali daktari akamwambia pete itoke sasa hivi, damu haipiti, akichelewa kitaondoka kidole. Wakataka kuikata palepale. Mkeo akaficha mkono kwenye kanga akasema hakuna atakayeigusa isipokuwa Kabula, akapanda bajaji akaja mpaka kibandani. Daktari wa watu alimpa nusu saa tu.

Nilijaribu uzi mara tatu, Fundi. Naapa. Mara ya kwanza haukupita. Nikaupitisha na sindano, nikazungusha, na yeye jasho linamtoka anang'ata ncha ya kanga asipige kelele. Pete haikusogea hata kidogo. Mara ya tatu uzi ukakatika. Akaniangalia akasema, "Kata, mwanangu. Hiki kidole nakihitaji kusongea ugali."

Nikapitisha kipande cha bati chembamba chini ya pete nisimjeruhi, nikatandika karatasi nyeupe chini ya mkono kukinga unga wa dhahabu, kama ulivyonizoesha, hata chembe isipotee. Yeye akageuza uso ukutani akaanza rozari. Nikaanza kupiga msumeno.

Unga ulianguka mwekundu.

Nikasimama. Nikafikiri ni damu, nikaangalia kidole, hakikuwa na jeraha. Nikaendelea kwa sababu nusu saa ilikuwa inakwisha. Pete ilipofunguka nikaona mle ndani, Fundi. Shaba. Juu kuna ngozi ya dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na upande wa kiganjani hata hiyo ngozi haikuwepo tena. Nikaifunga kwenye karatasi haraka, nikampakiza mama kwenye bajaji arudi hospitali. Kidole kimepona, ukitaka kujua. Kina kovu lakini kinakunja.

Jioni ile sikuuza kitu. Nilifunga mlango nikachukua jiwe la kujaribia, nikaisugua, nikadondosha tindikali, alama ikayeyuka yote. Nikarudia. Nikasema labda tindikali imeharibika, nikaijaribu kwenye hereni yangu, ikawa nzima. Nilikaa chini nikacheka vibaya, halafu nikalia, halafu nikakutukana. Nisamehe kwa lile la mwisho.

Sasa niambie, mtu mzima wewe. Unamkumbuka yule kijana wa Kasekese aliyekuja na waya wa shaba akiomba umfanyie pete mbili za harusi na uzipake dhahabu juu, kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya na padri ameshatangaza ndoa mara mbili? Ulimfukuza kama mwizi. Ukamwambia mbele ya wateja, "Mimi sidanganyi mabibi harusi." Yule kijana aliondoka ameinamisha kichwa, na mimi nilijivuna kwamba nafanya kazi kwa mtu wa namna hii. Nilikwenda kumsimulia baba yangu! Na wakati huo mkeo yuko nyumbani Shanwe anaosha vyombo na shaba kidoleni.

Ndipo nikaanza kukumbuka mambo. Kila mwaka karibu na Noeli ulikuwa unaileta pete ya mama kuisafisha, na siku hiyo ndiyo uliyokuwa unaniruhusu nirudi nyumbani mapema. Nilikuona una huruma. Na kile kichupa cha zebaki kwenye droo ya chini, ulisema kimesahauliwa na wachimbaji. Nimekulia nchi ya wachimbaji wa dhahabu, nilipaswa kujua zebaki inashika dhahabu na moto unaiondoa zebaki. Ulikuwa unaipaka upya, kila mwaka, peke yako, na ule moshi mbaya. Mpaka miaka ile minne ya mwisho mama aliponenepa na pete ikakataa kutoka. Ulimbembeleza na uzi wako, ukamletea sabuni, ukanuna wiki nzima, na mimi nikakushangaa: pete si iko kidoleni, shida iko wapi? Ilipoanza kuwa nyekundu mama alisema ni sabuni ya unga inaila. Mimi nikamwambia hiyo ni dhahabu ya zamani yenye wekundu wake. Nilisema kwa kujiamini kabisa.

Kuna kitu hukukiona na ungekifurahia, acha nikuambie hata kama nimekasirika. Siku hizi mji umejaa pete za chuma cha kung'aa kutoka Kariakoo, hazichujuki, zina mawe, zina maandishi, mabinti wananionyesha picha kwenye simu. Wananunua, wanachoka nazo, wananunua nyingine. Lakini wakifika kwenye ndoa yenyewe wanaingia kwangu na kuomba ile pana, ya duara, isiyo na kitu juu. Ile yako. Ulisema ukiweka nakshi unaweka na mwaka, watu watajua ni ya lini. Mwezi uliopita msichana mmoja wa chuo alisema anataka "kama ya yule mama wa kanisani", na mama mwenyewe alikuwa Mama Skola. Kwa hiyo jua kwamba pete inayotamaniwa kuliko zote Mpanda nzima ni ya shaba. Nilipokea oda, nikaandika vipimo bila kumtazama usoni.

Wiki mbili nilizunguka na ile karatasi mfukoni. Mama alikuwa ameshaniagiza: pete iunganishwe, ipanuliwe kidogo, kidole kilishabadilika. Ningefanyaje? Kumwambia mjane kwamba mumewe, aliyelala mwaka mmoja tu kaburini, alimvisha uongo mbele ya altare? Kuipaka zebaki nikaendeleza mchezo wako? Hapana. Nilikuwa nimechoka sana, na mtu aliyechoka anashika njia iliyo karibu. Nikatoa kile kipande cha dhahabu ulichonipa siku uliyosema sasa na mimi ni fundi. Nilikuwa nimekitunza kwenye kitambaa nisikiguse. Nikakiyeyusha. Nikatengeneza pete ile ile, upana ule ule, mviringo ule ule, nikaisugua na mchanga laini ionekane imevaliwa. Kazi nzuri, Fundi, hata wewe ungekosa pa kuikosoa. Nikajiambia nimewaokoa wote wawili.

Jumapili baada ya misa nikaenda nayo Shanwe. Mama alikuwa ameanika maharage uani. Akafuta mikono, akaivaa, ikaingia vizuri. Akakunja ngumi. Akakunjua. Akanyanyua mkono juu na kuushusha.

"Kabula, hii siyo yangu. Hii inanielemea."

Nikamwambia ni kidole tu kimezoea kukaa bila pete. Akaivua, akaniwekea kiganjani. Akasema amefua na pete yake, amezaa nayo, amemzika mumewe nayo, miaka thelathini na nne, na mkono wake unajua. Hakukasirika. Aliuliza tu, yangu iko wapi, kama mtu anayeuliza ufunguo wa nyumba.

Nikamwambia, Fundi. Nilijaribu kutafuta maneno mazuri nikayakosa. Nikafungua karatasi nikaiweka pale kwenye mkeka, na unga wake mwekundu.

Akainuka akageuza maharage, yote, upande mmoja hadi mwingine, na mimi nimekaa natamani ardhi inimeze. Aliporudi akaanza kunisimulia mambo ambayo hukuwahi kunisimulia wewe. Kwamba mwaka ule mlipooana hukuwa sonara wa mtu yeyote, ulikuwa unaziba masufuria yaliyotoboka, huna hata baiskeli. Kwamba alikuuliza kama ni dhahabu kweli, ukasema ndiyo, na ukatokwa jasho, akadhani ni joto la koti la kuazima. Hakujua, alisema. Lakini siku zote alishangaa mwanaume gani anamkataza mke wake kufua na pete, halafu hamsaidii kufua. Hapo tukacheka, wote wawili, vibaya sana.

Kisha nikamuuliza lile lililokuwa linanikereketa. Baada ya kuwa sonara dhahabu imepita mikononi mwako miaka yote. Ungeweza kumtengenezea ya kweli, ukambadilishia siku ya kusafisha, ukalala usingizi. Kwa nini hukufanya? Kwa nini zebaki na moshi kila mwaka, mzee mzima?

Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Angebadilisha, ningejua. Si umeona mwenyewe? Nimejua hapa hapa."

Kwa hiyo ulikuwa umenaswa, Fundi. Ulidanganya mara moja tu ukiwa kijana huna kitu, na ulipopata uwezo wa kuirekebisha, mkono wa mkeo ulikuwa umeshaijua ile shaba. Ukabaki kuipaka. Nadhani yule kijana wa Kasekese hukumfukuza yeye. Ulijiona.

Nikasema sawa, nitaiunganisha ile ile, na pale patakapoongezeka nitajaza dhahabu, angalau iwe na kipande cha kweli. Niliona ni wazo zuri. Mkeo akanishika mkono.

"Jaza shaba. Ukitia dhahabu hapo, utamuumbua."

Akasema pia nisiipake chochote juu.

Nimefanya alivyotaka. Nilitafuta waya wa shaba, nikapima pengo, nikalehemu, nikaondoa hata ile ngozi ya dhahabu iliyobaki maana ilikuwa madoa madoa. Nimefanya kazi ngumu nyingi tangu uondoke lakini hiyo ilinichosha kuliko zote. Kiungo hakionekani. Jumapili iliyopita alikwenda nayo kanisani. Nilikaa nyuma yake. Baada ya misa wamama wa jumuiya wakamzunguka, mmoja akamshika mkono akauliza pete imekuwaje tena, mbona imekuwa nyekundu hivi. Mama Skola akamwambia ndivyo mume wake alivyoitengeneza. Hakuongeza neno.

Bado nimekukasirikia, kidogo. Najua itaisha. Ile ya dhahabu nimeiyeyusha, nimerudisha kipande kwenye kitambaa chake. Kibanda kipo, jina lako liko mlangoni, umeme unakatika vilevile.

Pumzika, Fundi wangu, maana mimi bado sijapata nafasi hiyo. Ahadi yangu ni hii: kidole kikivimba tena nitaikata tena, na nitaiunganisha tena, kwa shaba, mpaka siku mwenyewe atakapokuletea huko. Akifika nayo usianze kujieleza. Anajua.

Ni mimi, mwanafunzi wako,
Kabula