Kabla Hujasimama Jumapili

Dada yangu mpendwa,

Salamu tele, na pole kwa hayo magoti. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Unamjua mdogo wako, bahati alizaliwa nayo: Jumuiya yenu ya maombi niliiacha kwa miguu yangu, nikamuaga Mlezi, mkuu wao, usoni huku nacheka, na leo karakana imejaa makochi ya wakubwa.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema Jumapili utasimama mbele ya tawi zima utangaze kutoka, wakugeuzie migongo kama desturi yao, wasikutaje tena, hata mwanao atakayebaki humo. Unasema hutetereki, kwa kuwa mimi niliweza. Dada, hapo nilijidunga sindano ya kushonea makochi.

Jumamosi walikuja wenzetu waliotoka, kubishana kama kawaida. Muuguzi alishikilia kwamba tulidanganywa tangu siku ya kwanza. Mwalimu mstaafu akamwambia asijifanye mjanja, mbona alilia machozi siku mama yake alipoombewa akainuka? Muuguzi akasema alilia kwa njaa, alikuwa na siku tatu hajala. Mwalimu akajibu kwamba yeye pia alishinda njaa, lakini furaha ile hajaipata popote tena. Mimi nikatia chumvi, nikasema imani niliivua kama soksi. Wakacheka mpaka basi.

Mara kengele ya mlangoni ikalia, mteja kafuata kochi lake. Sote tukasimama! Kimya, viganja kifuani, macho chini, tukingoja ruhusa ya kukaa, kama kule Jumuiyani kengele ilipolia. Mteja akadhani tunampa heshima, akavimba kichwa. Wa kwanza kusimama nilikuwa mimi. Ubishi ukafia hapo. Muuguzi alibeba mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Kitanda nimekutandikia, shuka mpya. Ukija, karibu, usipokuja, wewe ni dada yangu vilevile. Pima kwa akili yako na kwa ajili ya mwanao, ila usijipime kwa mfano wangu. Msalimie sana, mwambie mjomba anamkumbuka.

Tawi lenu liko mbali, hukuwepo, nikasema nilivyotaka. Sikutoka, dada. Walinifukuza kwa kukoroma saa ya ukimya, nikawapigia magoti langoni, na mwezi huu nimewaandikia mara mbili wanirudishe.

Mdogo wako,
Fundi Makochi