Taulo Lililotundikwa

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Watoto hawajambo? Huku sisi wazima, ila goti langu la kushoto siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio.

Sasa sikia. Kikundi chetu cha wauguzi wastaafu kimechoka kukaa na kulalamikia viuno. Tunataka kusafiri wiki nzima, wanawake kumi na wanane, na tumekubaliana jambo moja: hatulali mahali panapochafua mto wala panaponyonya wafanyakazi. Kazi ya kuchagua nimepewa mimi. Hapa mezani nina vipeperushi vya hoteli tano, vyote vina picha ya jani la kijani, na hoteli yako ndiyo yenye jani kubwa kuliko zote. Nimefurahi kweli. Wewe umefua hapo miaka sita, basi niambie tu ndiyo, niwaandikie. Nimeshajisifu kwa wenzangu kwamba mdogo wangu yuko ndani.

Dada yako

15 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakula kama mchwa. Hilo goti lipake dawa, kama ulivyokuwa ukitulazimisha sisi.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta namna ya kukudanganya. Nimeshindwa.

Kila bafu hapa lina kadi inayosema: ukitaka kuokoa maji, tundika taulo lako, tutajua bado unalitumia. Wageni wanatundika, maskini, wanalala na roho nyeupe. Asubuhi taulo lililotundikwa na lililotupwa chini yote yananishukia katika kikapu kimoja, maana meneja ameamuru kila chumba kibadilishwe kila siku. Maji ya povu yanapita kwenye mfereji nyuma ya chumba cha kufulia mpaka kijitoni, na huko ndiko wenye bustani wanakochota maji ya kumwagilia. Na sisi madobi wanne bado ni vibarua wa kutwa. Ukiugua siku moja, hulipwi, kana kwamba siku hiyo hukuwahi kuzaliwa.

Mkija kumi na wanane kwa jina langu, huenda meneja akanikumbuka kwenye mikataba. Mkienda kwingine, na akajua sababu, mimi sina kazi. Mzigo nimekutwika wewe. Ndiyo kazi ya kifunguamimba.

Mdogo wako

24 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Goti limenyamaza, nadhani limeogopa hasira zangu.

Sijasema tunakuja, wala sijasema hatuji. Nimemwandikia meneja wako kistaarabu kabisa, maswali matatu. Taulo lililotundikwa na lililotupwa chini, yanakutana wapi? Povu likipita kwenye mfereji nyuma ya chumba cha kufulia, nani analipokea? Madobi wenu wanne wakiugua, siku hiyo inahesabiwa?

Nimemwambia tutaamua kwa majibu yake. Tumesaini wote kumi na wanane, na aliyekuwa muuguzi mkuu wetu ameandika vyeo vyake vyote mpaka karatasi ikajaa. Usiwe na wasiwasi, jina lako sikulitaja popote.

Dada yako

18 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo kweli? Wiki tatu bila barua, na simu yako haipatikani.

Jana nimesoma tena nakala ya ile barua yangu, nikapigwa na butwaa. Mfereji nyuma ya chumba cha kufulia. Madobi wanne. Mgeni gani ambaye hajafika anajua hayo? Jina sikulitaja, lakini picha yako nimeichora nzima. Miaka thelathini nimewaambia wanafunzi wangu wasome karatasi ya dawa mara mbili kabla ya kumpa mgonjwa, na mimi nimempa bila kusoma. Naona aibu, na ninaogopa. Kama nimekuharibia kazi, sema tu. Chumba cha nyuma nimekifagia na vitanda nimevitandika. Njoo na watoto. Hata kama umekasirika, njoo ukasirikie hapa.

Dada yako anayejuta

26 Machi

Kwa Kikundi cha Wauguzi Wastaafu,

Salamu kwenu wateja wetu waheshimiwa, na shikamoo dada. Sisi wazima. Simu ilitumbukia kwenye beseni. Barua nimeichelewesha kwa sababu nilitaka majibu yawe ya kweli kwanza.

Meneja alishuka kwetu na karatasi yenu mkononi. Kwa miaka sita alikuwa hajawahi kushuka, hata mlango alisukuma mahali pa kuvuta. Akasema, "Haya maswali yameandikwa na mtu aliyewahi kuinamia beseni." Nikajua kibarua kimeota nyasi. Nikamwambia, "Ni dada yangu, kwa maneno yangu mimi." Akataka kuuona huo mfereji. Nikampeleka. Akasimama pale na viatu vyake vinavyong'aa, akamwona mama mmoja akipangusa povu juu ya ndoo kabla ya kumwagilia. Tuliporudi akasema, "Mimi majibu sina. Andika wewe, mimi nitasaini. Na usiweke uongo, vyumba ni vitupu na hawa ni wauguzi."

Basi majibu ni haya. Mataulo yalikutana katika kikapu kimoja hadi wiki iliyopita. Sasa lililotundikwa halishuki kabisa, na migongo yetu inashukuru. Povu lilipokelewa na wenye bustani. Tunachimba shimo la kokoto na mchanga la kulichuja, lakini halijaisha, kwa hiyo hapo andikeni bado. Jani kwenye kipeperushi meneja ameagiza lipunguzwe mpaka shimo liishe.

Siku ya ugonjwa inahesabiwa, tangu Jumatatu. Wenzangu watatu walisaini mikataba haraka. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu machozi yalikuwa yanadondokea karatasi.

Vitanda vya chumba cha nyuma tandua, dada, uje wewe huku na wenzako. Lakini nakujua tangu utotoni, hujawahi kutundika kitu mahali pake, na mimi ndiye niliyekuwa nikiokota. Safari hii utatundika.

Mdogo wako,
Dobi mwenye mkataba

Nimeisoma mara mbili. Karibuni.
Meneja