Walivyomwita Habiba Mwendawazimu

Garissa, Jumapili

Mama mpendwa,

Muuguzi wa zamu ameniambia leo mchana kwamba Habiba alikataa kumeza vidonge, na kwamba wamemdunga sindano akiwa ameshikwa mikono na miguu. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na hukunilea hivyo. Nisamehe. Nimetoka wodini sasa hivi na siwezi kuanza na kitu kingine.

Sasa salamu. Hujambo, mama? Goti linasemaje na ukungu wa huko milimani? Kaka ameniambia umeanza tena kuteremka mwenyewe bondeni kukata majani ya ng'ombe. Acha. Wajukuu wana miguu mizuri kuliko yako na kazi yao kubwa ni kutazama simu. Mimi ni mzima. Joto ni lile lile, kazi ni ile ile. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kila sentensi, na habari hii inataka isemwe kwa mpangilio.

Habiba ni mwanamke wa makamo, mjane, anauza maziwa ya ngamia katika kijiji kimoja nje ya Balambala. Kijiji hicho kina lambo, shimo kubwa lililochimbwa kukusanya maji ya mvua. Halikuwa na ua. Mwaka jana binti mdogo wa dada yake aliteleza pale akinywesha mbuzi, akafa maji. Baada ya msiba, serikali ikaleta nguzo na waya wa kuzungushia. Nguzo zikasimikwa. Waya ulishushwa nyumbani kwa chifu ukisubiri mafundi warudi, na hapo ndipo ulipopotelea.

Habiba akauliza uko wapi. Aliuliza barazani, mbele ya watu, chifu akiwa amekaa kitini. Chifu akamwambia suala linashughulikiwa. Baraza lililofuata akauliza tena. Chifu akasema mama huyu ana majonzi, tumwombee. Baraza la tatu alisimama kabla hata ya dua ya kufungua, akasema yeye mwenyewe aliona lori likiondoka kwa chifu na mzigo siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Siku chache baadaye askari wa chifu walimchukua sokoni, wakauacha mtungi wake wa maziwa barabarani, wakampeleka hospitali. Sheria inaruhusu askari kumpeleka hospitali mtu anayeonekana kurukwa na akili. Sheria haikusema anayeonekana na nani.

Nilipata habari kutoka kwa kaka yake, Yusuf, dereva wa lori la maji. Alinikuta hotelini nikinywa chai, akakaa bila kukaribishwa.

"Wewe ndiyo mwandishi?"

"Ndiyo."

"Dada yangu iko wodi ya wazimu. Wallahi hana wazimu. Ana mdomo tu. Mdomo ni ugonjwa?"

Nikaenda kumwona tabibu aliyempokea. Sitamtaja jina, wala hospitali. Ni kijana wa bara kama sisi, mstaarabu, mchovu, ana wagonjwa wengi kuliko viti. Hakunificha kitu, nadhani alijivunia kesi yenyewe. Aliniambia ni skizofrenia, haina shaka.

"Nilimuuliza kwa Kiswahili, dada, maana Kiswahili anajua. Nikamwambia, mama, umeona nini? Akasema, nimeona wafu. Nikamuuliza, wafu hao wako wapi? Akasema wamebebwa na lori. Nikamuuliza, wako wengi? Akasema wengi, wamekunjwa kama mikeka. Wametolewa wapi? Kwa chifu." Akafungua viganja vyake. "Wewe ungeandika nini?"

Nikamwambia labda ningemwita mkalimani.

"Alikuwepo. Askari aliyemleta ni Msomali."

Askari wa chifu. Nilimuuliza kama haoni tatizo. Akasema hakuhitaji hata kumtumia, mama mwenyewe alisisitiza kuongea Kiswahili.

Mama, wewe na mimi tunajua ugonjwa huu ulivyo. Mjomba aliposema redio inamtaja jina, ulizima redio, ukatoa na betri, na bado ikamtaja. Ulifanya jambo la kwanza ambalo mtu yeyote angefanya: ulikwenda kuangalia. Kisha ukampeleka hospitali, na vidonge vikamrudisha mezani kula na watu. Kwa hiyo usifikiri nimejiunga na wale wanaosema ugonjwa wa akili ni hadithi ya wazungu. Dawa iliyomrudisha Mjomba ndiyo sasa wamemtia nayo Habiba kizibo mdomoni. Hilo ndilo linalonichoma.

Nilipopata ruhusa ya kumwona, alikuwa amekaa kitandani amejifunga shuka la hospitali juu ya buibui. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa dawa, lakini macho yalikuwa macho ya muuza maziwa. Aliniangalia kama anayepima kama nitalipa. Nikampa pole kwa binti wa dada yake. Kisha nikamuuliza wafu aliowaona ni kina nani.

"Kina nani nini?"

"Wafu. Uliowaona kwenye lori."

"Abaayo, wewe bia naumwa?"

Abaayo ni dada, na "bia" ni "pia". Ulimi wa Kisomali huigeuza p kuwa b, na v kuwa f. Nimeishi huku miaka mingi, nasikia hivyo kila siku sokoni, na bado nilikuwa nimekaa pale kama gogo. Yeye akaingiza vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine, akaniinulia mikono usoni.

"Wafu! Ya matundu matundu! Ya kuzuia mbuzi! Ilibebwa na lori, nyingi, imekunjwa. Wewe najua wafu ama hujui?"

Wavu, mama. Alisema wavu.

Watu wote huku huita kitu kile waya. Angesema waya kama jirani zake, angekuwa nyumbani kwake leo. Lakini fundi aliyesimika nguzo alikuwa mtu wa Pwani, naye aliuita wavu, na Habiba alilishika neno hilo. Nikamuuliza kwa nini alilitumia mbele ya tabibu. Akasema, "Daktari ni mtu amesoma. Nilitaka kusema Kiswahili safi, asidharau mimi."

Na sasa sikiliza, wewe uliyefundisha ngeli hadi ukastaafu. Habiba alisema "ilibebwa". Alisema "nyingi". Alisema "imekunjwa". Hakuna mahali alipozungumza juu ya watu. Tabibu ndiye aliyesikia "wafu", akaona kitenzi hakipatani, akadhani ni Kiswahili kibovu cha huku, akamsahihishia: wamebebwa, wengi, wamekunjwa. Wavu ukawa maiti kwenye sikio la mtu anayejua sarufi. Kisha akaandika maiti hizo kama njozi za mgonjwa, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyezizaa.

Nilimrudia siku hiyo hiyo. Nilimweleza polepole. Akasugua paji la uso. Nilifikiri amekwisha kuelewa.

"Sawa," akasema. "Tuseme ni wavu. Lakini alimkatiza chifu hadharani, si mara moja. Kabla ya dua. Mwanamke wa huku hafanyi hivyo akiwa na akili timamu."

"Umeyajua wapi ya wanawake wa huku?"

"Chifu aliniambia."

"Na kama alichosema ni kweli?"

"Dada, mimi sichunguzi wizi. Mimi natazama tabia. Halafu anakataa kwamba ni mgonjwa. Hiyo yenyewe ni dalili."

Hebu itazame. Akikubali ni mgonjwa, ni mgonjwa. Akikataa, ni mgonjwa zaidi. Akikaa kimya, dawa inafanya kazi. Nimeripoti juu ya mahabusu na kambi, na sijawahi kuona mlango usio na kitasa upande wa ndani uliotengenezwa vizuri namna hii. Na hakuna aliyepoteza lita moja ya mafuta kwenda kuangalia kama lambo lina ua.

Mimi nilikwenda. Yusuf alinipakia kwenye lori lake. Nguzo zimesimama kuzunguka maji, zimenyooka, na kati ya nguzo na nguzo hakuna kitu. Mbuzi walikuwa wanapita. Wasichana walikuwa wanachota. Chini zaidi, kando ya mto Tana, kuna shamba la matikiti lililozungushiwa wavu mpya unaong'aa. Majirani wanasema ni la shemeji ya chifu. Sijathibitisha kwamba ni wavu ule ule, na sitaandika gazetini kwamba ni ule ule hadi nithibitishe. Nakuandikia wewe kile nilichokiona.

Chifu alinipokea vizuri ofisini kwake, kwa chai ya tangawizi. Akasema Habiba ni dada yao na wanamsaidia. Akasema shemeji yake alinunua wavu wake mwenyewe. Nikaomba risiti. Akacheka kidogo, akaniinamia kama anayeambia siri.

"Mwandishi, unaonekana umechoka. Jua hili si la watu wa milimani. Huwa linaingia kichwani. Ungebumzika."

Askari mlangoni akatabasamu. Nikamshukuru kwa chai nikaondoka. Sikuinua sauti, usiwe na wasiwasi. Lakini niliona jinsi ilivyo rahisi: sentensi moja ya upole na tayari unaanza kujichunguza kama sauti yako imepanda.

Ubaya wenyewe uko nje ya wodi. Juzi hotelini mzee mmoja alilalamika chai haina sukari. Mhudumu akamwambia, "Nyamaza, adeer, utabelekwa wodi." Adeer ni ami, wanavyomwita mzee kwa heshima. Hoteli nzima ikacheka, na mzee akacheka, akainywa chai yake hivyo hivyo. Yusuf anasema barazani wiki iliyopita chifu aliuliza kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyesimama. Nguzo ziko palepale bila wavu, watoto wanachota maji palepale, na kijiji kizima kimepona ghafla, wote wana akili timamu.

Habiba mwenyewe hajapona. Ndiyo maana alikataa vidonge leo. Aliniambia vinamfanya asahau maneno, na maneno ndiyo aliyobaki nayo. Anachoogopa si sindano. Anaogopa kwamba cheti cha wazimu alichoandikiwa na tabibu kikishathibitishwa, hatakubaliwa kutoa ushahidi popote, juu ya wavu wala juu ya mtoto. "Mwendawazimu hata akisema moto inawaka," aliniambia, "watu nangoja nyumba iishe kuungua." Mhariri wangu naye ana wasiwasi. Anauliza tutamnukuu vipi mtu ambaye hospitali imesema haoni sawasawa. Nimemwambia amnukuu kama anavyomnukuu chifu.

Yusuf amepata wakili wa kujitolea, binti wa hapa hapa Garissa, mkali kama pilipili. Amepeleka ombi mahakamani. Chifu aliposikia alimpigia Yusuf simu akimshauri ayamalize kifamilia, na akamuuliza kwa upole kama na yeye usingizi anapata.

Nisalimie kaka na wifi, na umwambie wifi kitambaa alichoagiza nimekipata. Msalimie mama mdogo wa kule sokoni, na shangazi wa kwaya, umwambie asiwatangazie kanisani kwamba niko vitani. Mjomba msalimie kwa namna ya pekee. Usimsomee barua hii yote; lakini kama atakuuliza, usimdanganye.

Ombi litasikilizwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Hakimu ameagiza Habiba apimwe upya Jumatano na daktari mwingine anayetoka Nairobi, na mkalimani aliyeapishwa, asiye askari wala jamaa wa mtu yeyote. Ameagiza pia afisa wa mahakama afike lambo kabla ya kikao na aeleze alichokiona kati ya nguzo na nguzo. Safari hii Habiba ataulizwa kwa Kisomali. Nitakuwa benchi la mbele.

Binti yako anayekupenda,
Mghoi